Bwawa la Morris au meza ya Barnes kwa maabara ya Bukavu?

Vyote viwili hupima kumbukumbu ya mahali kwa panya wa maabara: bwawani mnyama hutafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji; mezani hutafuta tundu moja lenye kisanduku cha kujificha chini yake. Kwa panya wakubwa (aina ya “rat”), bwawa ni zuri: ni waogeleaji hodari, na maji yenyewe huwasukuma kutafuta jukwaa lililofichwa. Panya wadogo (aina ya “mouse”) ni shida. Wengine huelea tu, nawe ukadhani wamesahau; kwa hiyo pima pia kasi ya kuogelea. Tena Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, usiku una baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, mnyama hupoa na kuzubaa. Yaweke kati ya 22 na 25, umkaushe kila baada ya jaribio. Umeme ukikatika, nani atayapasha?

Meza ya Barnes, duara lenye matundu 20 kwa panya wadogo, seremala yeyote mzuri wa Kadutu, hapo Bukavu, anaiweza. Udhaifu wake ni motisha: bila taa kali, panya hutalii tu bila kuingia shimoni. Harufu nayo hudanganya. Futa kwa alkoholi ya 70%, subiri ikauke, zungusha meza, lakini kisanduku cha kujificha kibaki upande uleule wa chumba. Kwa panya wadogo, tungechagua meza.