Kilimanjaro kwa mara ya pili: tulilipa sawa na wageni wote, tukalazwa katika hema lisilofungika

Kampuni ya Moshi iliyotupandisha Kilimanjaro safari hii sitaitaja jina, kwa sababu mwenye kampuni bado anaahidi kulishughulikia jambo letu, na pia kwa sababu miongoni mwa vijana wanaombebea mizigo wamo watu ambao sitaki wakose riziki kwa ajili ya maandishi yangu. Hata hivyo nasema mapema kwamba simshauri mtu yeyote wa Goma, Bukavu au kwingineko kwetu kuwapelekea fedha zake, na sababu yangu kubwa ni zipu ya hema pamoja na jibu tulilopewa tulipoilalamikia.

Mimi na rafiki yangu tumekulia Goma, ambako mtu akitoka nje usiku huona wingu jekundu juu ya volkano ya Nyiragongo, na tulikwisha kuupanda mlima huo wa mita 3,470 kabla ya njia yake kufungwa. Safari yetu ya kwanza ya Kilimanjaro ilipitia Marangu, ambako wageni hulala katika vibanda vya mbao, kwa hiyo habari za mahema hazikutuhusu. Safari ile iliishia Gilman's Point, kwenye mita 5,685, kwa sababu rafiki yangu alishikwa na ugonjwa wa kimo, akawa anatapika na kuyumba, na mwongozaji wa wakati ule akaamua bila kusitasita kwamba tuteremke, nami nikateremka naye. Tangu siku hiyo mita 210 zilizokuwa zimebaki mpaka kilele cha Uhuru zilimkaa rohoni. Hakuna ubatizo wala arusi tuliyokaa meza moja asizitaje.

Ndiyo maana safari hii tulichagua njia ya Machame, ambayo humpandisha mtu mpaka Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha jioni ileile humteremsha kulala Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uonjeshwe hewa nyepesi na kupumzishwa kabla ya kudaiwa zaidi. Tulijinyima kwa muda mrefu. Tukavuka barieri kubwa ya mpakani kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, tukapanda basi la Kigali, kisha Rusumo, Kahama, Singida na Arusha, mpaka Moshi, miguu ikiwa imevimba. Katika ofisi ya kampuni tuliunganishwa na wageni wawili kutoka Ujerumani, mume na mke, watu wapole. Tulilipa kwa dola, mezani pamoja, na kwa kuwa risiti zetu ziliandikwa mfululizo niliona kwa macho yangu kwamba kiasi kilikuwa kilekile, bila punguzo hata la dola moja kwa mtu aliyetoka nchi jirani iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Hilo sikulilalamikia, kwa kuwa mlima ni uleule na chakula ni kilekile. Nilichodhani ni kwamba hata hema lingekuwa lilelile.

Usiku wa kwanza tulilala katika kambi ya Machame, ukingoni mwa msitu, ambako miti huzuia upepo, na zipu ya mlango ilikwama kidogo tu. Shira ni habari nyingine. Ni uwanda ulio wazi, wenye mawe na vichaka vifupi, na jua likishazama upepo hushuka kutoka Kibo, kilele kikuu cha mlima, bila kizuizi chochote. Rafiki yangu alipovuta zipu, kichwa cha zipu kilipita vizuri mpaka mwisho, lakini meno yakabaki yameachana nyuma yake kuanzia chini mpaka juu. Akairudisha, akavuta tena taratibu, akiyabana meno kwa vidole vya mkono wa pili, na safari hii kichwa cha zipu kikachomoka kabisa kikabaki mkononi mwake, kipande cha chuma chenye kutu upande mmoja. Mlango ukawa unapigapiga, na vumbi likawa linaingia mpaka ndani ya mifuko ya kulalia.

Nilimwendea mkuu wa msafara, ndiye mwongozaji wetu safari hii, katika hema la kulia chakula, alikokuwa akizungumza na wale Wajerumani kuhusu safari ya kesho. Nilimsubiri amalize. Kisha nikamweleza kwa heshima, nikamwita kaka, nikamwonyesha kile kichwa cha zipu. Alikitazama, akanirudishia, akasema: “Dada yangu, ninyi si Wazungu. Ninyi ni watu wa kwetu, mtavumilia tu.” Wasaidizi wake wawili wakacheka. Mume wa Kijerumani, asiyeelewa Kiswahili, naye akatabasamu kwa adabu, akidhani tumetaniana.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu tuliporudi, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Baridi ya kwenye mita 3,800 haiulizi mtu katoka wapi. Rafiki yangu alikuwa mtu aliyekwisha kuugua mlimani, jambo ambalo tulilieleza ofisini na likaandikwa kwenye fomu, na mtu wa namna hiyo anahitaji usingizi na joto kuliko mwingine yeyote katika kundi. Na hata kama angekuwa mzima kama jiwe, mgeni aliyelipia hema amelipia hema linalofungwa. Mwenzetu huyu aliyetuita watu wa kwao hakutuita hivyo siku tuliyohesabu dola.

Aliyetuokoa usiku ule ni mpagazi mmoja kijana, mmoja wa wale wanaopita mbio na mizigo iliyopimwa mizanini langoni isizidi kilo 20, wakafika kambini na kusimamisha mahema kabla mgeni hajafika nusu ya njia. Alikuwa amesikia. Alikuja na pini za kufungia nepi, kubwa, zenye vichwa vya plastiki, alizokuwa ametia ndani ya kopo la dawa ya viatu, akapiga magoti nje ya hema na kuubana mlango pini moja baada ya nyingine, akiacha nafasi chini ya kutosha mtu kutambaa. “Ukitaka kutoka usiku, dada, anza na ya chini,” alisema. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi. Kila jioni, mpaka mwisho wa safari, alikuja kuzifunga mwenyewe bila kuitwa.

Haki inanitaka niseme pia yaliyo mema, kwa maana ni mengi. Mpishi alikuwa hodari kupita kiasi: supu ya moto kila jioni, bisi na chai tukiingia kambini, uji asubuhi, na wali ulioiva kikamilifu mahali ambapo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mkuu wa msafara naye, katika mambo ya afya, hakuwa na uzembe. Kila jioni alitupima oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni, akaandika namba katika daftari, akamuuliza rafiki yangu kuhusu kichwa, choo na usingizi, akamlazimisha kunywa maji. Kwenye ukuta wa Barranco, ambapo mtu hupanda kwa mikono na miguu, alimwonyesha mahali pa kukanyaga hatua kwa hatua. Tulipofika juu ya ukuta ule nilikuwa nimeanza kulegea, nikajiambia kwamba huenda siku ya Shira alikuwa amechoka, na kwamba nitawasifu.

Kisha tukafika Karanga. Mama wa Kijerumani alilalamika kwamba hema lao lilikuwa na unyevu ndani kutokana na pumzi zao kuganda usiku na kuyeyuka asubuhi, jambo ambalo hutokea katika kila hema kwenye kimo kile, letu likiwamo. Kabla chai haijamalizika, wapagazi wawili walifungua furushi na kutoa hema jingine, zima, lenye zipu inayoteleza vizuri, wakawasimamishia. Hema la akiba! Lilikuwapo tangu langoni, lilikuwapo Shira, mtu alilibeba begani kila siku akipita mbele yetu, na mkuu wa msafara alijua lilipo wakati aliponirudishia kile kipande cha chuma mkononi. Nilimfuata, na safari hii sikumwita kaka. Alisema hema lile ni la “dharura za wageni”. Nilipomuuliza sisi ni nani, alitazama kando na kumwambia msaidizi wake aangalie maji.

Barafu ni kambi ya mawe matupu, juu ya mita 4,600, ambako kila mtu hulala mapema ili aamshwe kabla ya usiku wa manane. Sikulala. Nilimsikiliza rafiki yangu akipumua, na mlango ukivutwa na upepo kati ya pini na pini. Tulipoondoka na taa za kichwani sikuwa na neno la kumwambia yule mwongozaji, na pengine hewa ya kusemea haikuwapo, kwa kuwa kileleni mtu hupata karibu nusu tu ya oksijeni aliyoizoea mwenye kukaa pwani. Tulipanda pole pole kweli kweli, hatua na pumzi, hatua na pumzi, mpaka jua lilipochomoza nyuma ya Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu. Karibu na Stella Point, kwenye mita 5,756, rafiki yangu alisimama na kusema hawezi. Basi mtu yuleyule, ambaye nilikuwa nimemkasirikia usiku kucha, alimvua begi lake, akalining'iniza kifuani pake juu ya la kwake, akamshika mkono, akamwambia, “Dada, hapa ulipo umeshapita ulipoishia mwaka ule.” Alikumbuka. Akamwongoza kando ya barafu mpaka kwenye ubao wa Uhuru, mita 5,895, bila kumwachia mkono hata mara moja. Rafiki yangu alilia, nami nililia, na nilimshukuru yule mwongozaji kwa moyo wote. Shukrani hiyo sijaiondoa.

Lakini sikubali ifute ya hema. Kwenye lango la Mweka, baada ya vyeti kutolewa, alitoa hotuba mbele ya wapagazi wote akiwashukuru “dada zetu wa Kongo, ambao ni wavumilivu kuliko Wazungu”, na vijana wakapiga makofi. Rafiki yangu alinibana mkono ninyamaze. Nilinyamaza, ila bakshishi ya wapagazi niliitoa mwenyewe mkononi mwa kila mmoja, na ya yule kijana wa pini nikaiongeza. Ya mwongozaji aliitoa rafiki yangu, kwa hiari yake na kutoka mfukoni mwake.

Mwenye kampuni, tulipompigia simu kutoka Kigali, alisema hema lilikuwa zima lilipotoka stoo, kwamba zipu ni kitu kidogo, na kwamba tukirudi mara ya tatu atatupunguzia bei. Rafiki yangu yuko tayari kurudi nao, anasema alifika kileleni na mengine yamepita. Kuna siku nami naona ana haki, kwa sababu njia waliyotupitisha, mwendo waliotupangia na uangalizi wa afya yake ndivyo vilivyomfikisha, na wengine wanaotoza zaidi hawakumfikisha. Kwa hiyo anayekwenda kwao baada ya kusoma haya yote, na ahakikishe mjini Moshi, kabla ya kumaliza kulipa, kwamba hema lake linasimamishwa uani na milango yote miwili inafunguliwa na kufungwa mbele ya macho yake, na aulize hema la akiba ni la nani. Mimi nilitaka kuandika kwamba ningerudi nao iwapo mwongozaji yule angeomba radhi. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta. Hata akiomba, nitatafuta kampuni nyingine, na nitauliza kwanza kama yule kijana mwenye pini hufanya kazi kwao.