Ngozi au vinili kwenye viti vya gari la zamani: uzoefu wangu na zote mbili

Nimetumia viti vya ngozi na vya vinili (ngozi bandia ya plastiki) kwenye magari ya zamani kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo, na nautoa mapema. Ngozi huuawa na ukavu na ukungu. Vinili huuawa na joto na umri. Kwa hiyo anayechagua aanze kujiuliza gari linalala wapi, paa lake ni la chuma au la turubai, na lilitoka kiwandani na viti gani. Bei na harufu ya ngozi mpya, ambavyo ndivyo huwashawishi wengi, mimi huviweka mwisho.

Nianze na kiwandani, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Si kweli kwamba gari la zamani la maana lazima liwe na ngozi. Volkswagen Beetle nyingi za miaka ya 1960 zilikuja na vinili. Mercedes-Benz W123, iliyoingia sokoni mwaka 1976, iliuzwa kwa wingi na vinili ya Mercedes yenyewe iitwayo MB-Tex, na viti vyake vingi bado ni vizima wakati ngozi za rika lake zimeshapasuka. MGB za miaka ya 1960 zilikuwa na ngozi upande wa kukalia, lakini kufikia miaka ya 1970 zilitoka na vinili au kitambaa. Hata magari ya Uingereza yanayosifiwa kwa ngozi, mara nyingi ngozi yenyewe iko pale tu mwili unapogusa. Ubavu wa kiti, nyuma ya egemeo na milango ni vinili iliyotiwa rangi ileile. Anayeagiza “viti vya ngozi” bila kuuliza ngozi inafika wapi huenda akaletewa mchanganyiko huo, nao ni sahihi kabisa kwa gari lake.

Kuna jambo jingine la kiwandani ambalo ngozi haiwezi kuliiga. Viti vingi vya vinili vya miaka ya 1960 na 1970 vina mistari iliyobonyea isiyo na uzi hata mmoja. Mistari hiyo ilitengenezwa kwa kubana vinili na sponji pamoja chini ya chapa ya chuma na kuyeyusha kwa mawimbi ya redio. Ngozi haiyeyuki, kwa hiyo haiungi kwa njia hiyo. Fundi akikushonea mistari kwa cherehani utapata kiti kizuri, ila mtu anayelijua gari hilo atagundua akiwa bado mlangoni. Kama gari lako ni la aina hiyo na unataka asili yake, suala limekwisha: tafuta vifuniko vya vinili vilivyobanwa kwa chapa.

Kujua kiti cha sasa ni cha nini, fungua chini ya kalio la kiti pale kifuniko kinapokunjwa na kufungwa kwenye fremu. Upande wa nyuma wa ngozi una nyuzinyuzi kama za swedi, na ukingo wake uliokatwa ni nyuzinyuzi hadi juu. Vinili ina kitambaa nyuma, na ukingo wake unaonyesha tabaka mbili zilizotengana. Juu, vitundu vya ngozi kwa kawaida havifanani sehemu mbili. Vinili hurudia chapa ileile kila baada ya umbali fulani. Wapo wanaopima kwa kuchoma kipande kwa kiberiti. Msifanye hivyo: vinili ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu, na kukagua ukingo kunatosha.

Ngozi yenyewe ina madaraja, na tofauti kati ya ngozi nzuri na mbaya ni kubwa kuliko tofauti kati ya ngozi na vinili. Inayofaa kiti cha gari ni tabaka la juu la ngozi ya ng’ombe, unene wa milimita 1.1 hadi 1.3. Ikipita 1.5, pembe na mishono ya paipini (ule ukingo wa mviringo unaoshonwa kwenye maungio) hujaa na kuwa vinundu. Ikiwa chini ya 0.9 huchanika kwenye matundu ya sindano. Tabaka la chini lililopakwa plastiki juu huuzwa pia kwa jina la ngozi. Hilo hubanduka magamba kwenye kingo za kiti. Kibaya kuliko yote ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hayo siyahesabu kuwa ngozi, na kama uwezo unafika hapo tu, vinili ya gari itakuheshimu zaidi.

Kisha kuna rangi. Ngozi iliyopakwa rangi ya juu inayofunika vitundu hustahimili jasho, maji na miale ya urujuanimno, na ikichakaa inapakwa upya. Ile iliyozamishwa rangi tu bila tabaka la juu ni laini mno na inavutia mkononi, lakini tone la maji linaacha doa na jua linaifubaza. Kwa gari linaloendeshwa, chukua ya kwanza.

Kiasi cha kununua huwashangaza wengi. Ngozi moja ya ng’ombe huwa na takribani futi za mraba 50, lakini si eneo lote linalotumika: kuna makovu, alama za kupe, chapa, na sehemu za tumboni zinazovutika. Kadiria kupoteza robo hadi theluthi. Viti viwili vya mbele hula ngozi mbili. Viti vyote pamoja na milango hufika nne au tano. Hesabu ya haraka ninayoitegemea: kila mita ya vinili yenye upana wa sentimita 137 inahitaji futi za mraba 20 za ngozi badala yake. Kwa vinili, viti viwili vya mbele hutaka mita 3.5 hadi 4, na kiti cha nyuma mita 2 hadi 2.5, kutegemea ukubwa. Ngozi zote zitoke kwenye mkupuo mmoja wa rangi, na fundi azitandaze kwenye mwanga wa mchana kabla ya kukata. Kalio na egemeo vikatwe karibu na uti wa mgongo, ambako nyuzi zimeshikana. Tumbo na mapaja vibaki kwa sehemu zisizobeba uzito. Kalio lililokatwa kwenye tumbo huonekana safi likiwa jipya, kisha hulegea na kuacha mikunjo isiyovutika tena.

Vinili nayo ina yake. Ya samani za nyumbani haikuundwa kwa joto la ndani ya gari lililofungwa juani. Vilainishi vinavyoifanya ipindike hutoka kidogo kidogo kama mvuke, hutua kwenye kioo cha mbele na kuacha utando wa mafuta, na vinili inayobaki inakuwa ngumu kisha inapasuka kwenye mishono. Omba vinili ya magari, iliyoandikwa hivyo na mtengenezaji. Angalia pia kitambaa cha nyuma: kilichofumwa kama fulana huvutika na kukumbatia pembe za mviringo, kilichosukwa kama turubai hakivutiki, kinafaa milango na sehemu bapa.

Kwenye kushona, makosa ni yaleyale kila mahali. Uzi uwe wa poliesta uliofungamanishwa, namba 69 au 92. Nailoni ina nguvu, lakini poliesta huvumilia jua zaidi, na kwa gari la wazi hilo ndilo linaloamua. Sindano ya namba 18 inafaa: yenye ncha ya kukata kwa ngozi, yenye ncha ya mviringo kwa vinili. Ukitumia ncha ya kukata kwenye vinili, kila tundu linakuwa mwanzo wa ufa. Hatua ya mshono iwe karibu milimita 4. Mishono iliyobanana huonekana nadhifu, lakini matundu yake hugeuza vinili kuwa karatasi ya kuchania, na kiti hufunguka mstari mzima siku moja. Cherehani iwe ile ya viwandani ambayo mguu wake hutembea pamoja na kitambaa. Ya kawaida huvuta tabaka la chini na kuacha la juu, na mistari inapinda.

Nakaa zaidi kwenye sponji kwa sababu hapo ndipo lawama nyingi zinazotupiwa vinili zinapozaliwa. Vinili haipitishi hewa. Mtu akikaa, hewa iliyo ndani ya sponji lazima itoke, na isipopata njia inasukuma mishono. Hii ndiyo sababu viti vingi vya zamani vya vinili vilikuwa na vitundu vya chuma pembeni au nyuma. Mafundi wengi huviacha wanapofunika upya, wakidhani ni mapambo. Virudishwe. Upande wa chini wa kalio usizibwe kwa plastiki. Sponji mpya ya kalio iwe na uzito wa kilo 45 hadi 50 kwa mita ya ujazo. Egemeo linatosheka na 30 hadi 35. Kufunika ngozi mpya juu ya sponji iliyokufa ni kutupa ngozi, kwani inabaki imelegea, inakunjwa palepale kila unapoingia, na rangi ya juu inakatika kwenye mkunjo huo. Kabla ya yote, kagua springi na mikanda ya mpira iliyo chini. Mkanda mmoja uliokatika unapeleka uzito wote upande mmoja.

Wakati wa kuvalisha, vinili huwekwa kwanza juani au mahali pa joto hadi ilainike, kisha huvutwa ikiwa ya uvuguvugu. Mashine ya kupuliza hewa ya moto husaidia kwenye pembe, mradi isisimame sehemu moja. Chapa ya juu ikianza kung’aa, imeshaharibika. Ngozi hupewa mvuke kidogo upande wa nyuma, huvutwa polepole, na mikunjo midogo iliyobaki hujinyoosha baada ya siku kadhaa za kukaliwa. Gundi iwe ya kuvumilia joto, na kwa vinili iwe ile isiyolainishwa na vilainishi vyake. Gundi ya kawaida ya kupuliza hushika vizuri dukani, kisha huachia gari likishinda juani na mistari ya kiti hujaa hewa.

Katika kukaa, ngozi inashinda. Inapumua kidogo, haing’ang’anii mapaja yenye jasho, na kadiri miaka inavyopita inapata sura ambayo vinili haiipati. Juani zote mbili huunguza zikiwa nyeusi. Hapo rangi ina neno kubwa kuliko aina ya kifuniko.

Utunzaji wa vinili ni rahisi: maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, brashi laini, kisha kausha. Spiriti, tina ya kuchanganyia rangi na petroli vinanyonya vilainishi. Dawa za kung’arisha zenye silikoni hufanya kiti kiteleze na baadaye huzuia rangi au gundi ya ukarabati kushika. Mafuta ya nywele na ya kujikinga na jua hukausha sehemu ya kichwa na kingo, yafutwe mapema. Vinili ikishakuwa ngumu hairudi, hata upake nini.

Ngozi hutaka kusafishwa kuliko kupakwa mafuta. Vumbi lililojaa kwenye mikunjo ndilo linalosaga rangi ya juu, na mafuta mengi hayapenyi rangi hiyo. Hubaki juu yakikusanya uchafu. Dondosha tone la maji: likikaa juu, tabaka bado zima; likizama na kuweka weusi, tabaka limeisha na linahitaji kupakwa upya. Ngozi iliyokauka hadi ikawa kama ubao, nyuzi zake zimekatika ndani. Kilainishi kitaipa sura ya muda, na mshono utaachia ukikaa. Gari linalolala lihifadhiwe kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Ukipita 65 kwa muda mrefu, ukungu huingia. Funika kwa pamba, kamwe si kwa nailoni.

Kwa ukarabati, ngozi ina huruma. Ufa huwekewa kiraka cha kitambaa nyuma, gundi inayopindika, kijazio na rangi, na kazi nzuri haionekani. Vinili inazibika kwa kiraka na joto, lakini chapa ya juu ni ngumu kuirudisha, na pale inapokunjwa kiraka hakidumu. Mara nyingi unabadilisha kipande kizima.

Kwa hiyo gari lenye paa la turubai, linalonyeshewa mara moja moja na kuegeshwa nje, mimi nalivalisha vinili ya magari bila kusita, hata kama toleo lake la bei ya juu lilikuwa na ngozi. Gari la paa la chuma linalolala ndani, lililotoka na ngozi, lirudishiwe ngozi upande wa kukalia na vinili kwingineko kama mwanzo. Dashibodi iachwe vinili hata hapo. Ngozi ikipata joto la kioo cha mbele husinyaa na kuinuka kwenye ukingo. Na katika mchanganyiko huo, chagua vinili kwanza, kisha linganisha ngozi nayo ukiwa na kipande mkononi chini ya mwanga wa jua, kwa sababu vinili ina madaraja machache ya rangi wakati ngozi inaweza kurekebishwa kidogo kwa kupakwa. Chukua nusu mita ya ziada ya vinili hiyo na kipande cha ngozi cha ukubwa wa kalio. Vizungushe kwenye bomba sura ikiwa nje, usivikunje, na uvihifadhi gizani kwa ajili ya ukarabati wa kwanza.