Famasi ndogo ya Ntinda: huduma safi, shida iko kwa kadi ya bima

Wenye kadi za bima someni hii kabla hamjapanda boda. Hii famasi iko Ntinda hapa Kampala, ndogo tu, ndiyo namnunulia mama dawa zake za presha na sukari, na wanafanya kazi sawasawa: leseni ya NDA, ile mamlaka ya dawa ya Uganda, imebandikwa ukutani unaiona, mfamasia mwenyewe yupo sio kijana wa kaunta peke yake, ukichukua metformin, dawa ya sukari, dada wa kaunta anakuonyesha tarehe ya kuisha halafu anauliza mama anakula saa ngapi. Hapo nilimkubali kabisa.

Sasa kadi. Wanaipokea kwa dawa kadhaa, zingine unatoa keshi, nikauliza kwa nini dada akaniambia wazi, "Kaka, hiyo dawa bima wanaturudishia pesa chini ya bei tuliyonunulia, na hata hizo chache tunazingoja miezi." Kuna watu wanawatukana eti wanapenda keshi, hapana jamani, duka la mtu mmoja litawezaje kuikopesha kampuni ya bima?

Na sio hapa tu. Marekani kuna makampuni yanakaa katikati ya bima na famasi, yanapanga famasi ilipwe ngapi, matatu makubwa ni CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, na hao hao wana famasi zao, yaani anayekupangia malipo ndiye mnashindania wateja! Jimbo la Arkansas likatunga sheria 2015, famasi isilipwe chini ya bei iliyonunulia dawa, na kama malipo ni ya hasara iruhusiwe kukataa kuuza. Chama cha hayo makampuni kikaenda kortini, kikashindwa Mahakama ya Juu Desemba 2020, majaji 8 kwa 0.

Kwetu NDA inaangalia leseni na ubora wa dawa, bei haipangi, bima nazo ziko chini ya IRA, mamlaka ya kusimamia bima, na mgonjwa anabaki pale kaunta anahesabu noti. Wabunge watuletee kanuni kama ile, bima ilipe angalau bei ya kununulia na ilipe kwa wakati, maana hizi famasi ndogo zikifunga mama yangu atatafuta dawa mpaka mjini.

Nawapa nyota nne, ya tano wataipata wakiacha kufunga mapema Jumapili. Pigeni simu kwanza muulize dawa yenu kama inapita kwa kadi.