TAHADHARI: Kidude cha kunusa tochi kinachouzwa mtandaoni, mimi nimepigwa mara mbili

Ndugu zangu madereva, naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Nimepigwa mara mbili kwa kitu kimoja. Kwanza nilipigwa hela na muuzaji, halafu nikapigwa tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, huku kidude alichoniuzia cha kunitahadharisha kimewaka mbele yangu, kimya kama jiwe. Hilo la pili kosa ni langu, spidi nilizidisha na faini nimelipa. La kwanza ndilo lililonileta hapa, maana ukurasa ule bado uko hewani na kila siku naona watu wanauliza, "Bado zipo?"

Tangazo lenyewe ni hivi. Kiboksi cheusi, ukubwa wa pakiti ya sigara, kinakaa juu ya dashibodi na waya wake unachomekwa kwenye soketi ya laita. Kwenye video gari linatembea usiku, sauti ya kike inasema kuna rada mbele, dereva anapunguza mwendo, anampita trafiki, anacheka. Chini kuna maandishi makubwa: kinakamata bendi 16 (yaani mafungu 16 ya masafa ya mawimbi), kinaona pande zote, kinanasa kamera zote na tochi zote za leza, zile zinazopima kwa mwali wa mwanga, na eti kinaivuruga tochi isikusome. Unalipa kwanza, kusafirishiwa ni bure.

Ningekuwa najua ninachojua leo, maneno hayo peke yake yangenitosha. Tochi za rada karibu zote ziko kwenye bendi tatu: X kwenye gigahezi 10.5 hivi, K kwenye 24 na ushee, na Ka kati ya 33.4 na 36. Hizo nyingine kazitoa wapi? Ukikutana na muuzaji wa namna hii mwambie azitaje moja baada ya nyingine pamoja na masafa yake. Wangu nilimuuliza baadaye, hela imeshakwenda, akanijibu, "Bosi wangu, hiyo ni teknolojia mpya, wewe tumia tu."

Siku ya kwanza nilifurahi, nisiwafiche. Kilikuwa kinalia. Nikisikia tu mlio naachia mafuta, nageuka huku na huku kumtafuta trafiki, hayupo, nasema moyoni labda kajificha. Ilinichukua siku tatu kugundua kuwa kinalia simu yangu inapotaka kuita. Nilipoihamishia simu kiti cha nyuma, kidude kikatulia safari nzima. Kesho yake kikatulia hivyo hivyo mbele ya askari aliyeninyooshea tochi mchana kweupe.

Nikakipeleka kwa fundi mmoja anayefunga alamu za magari. Hakukigusa. Akaniambia, "Nenda nacho kwenye jengo lolote lenye milango ya vioo inayojifungua yenyewe." Sababu yake ni kwamba mingi ya milango ile ina kihisi cha rada pale juu, na kihisi hicho kinatumia bendi ya K, ile ile ya tochi. Kigunduzi halisi, yaani kidude cha kweli cha kunusa tochi, kikifika pale hupiga kelele mpaka unatamani kukitupa. Ndiyo kero yake kubwa mjini, pamoja na magari yenye rada za kuangalia pembeni. Basi mimi huyo, gari nimelileta karibu na mlango kadiri nilivyoweza, kidude kimewaka, watu wanaingia na kutoka, mlango unafunguka na kufunga. Kimya. Fundi akanipigia simu kuuliza vipi. Kikalia.

Jioni nikakifungua, skrubu mbili tu. Ndani kulikuwa na kibao cha umeme kidogo kama stempu, spika, taa tatu, na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Betri hakuna. Chuma kile ndicho kilichoniuma kuliko hela. Hakijaungwa na waya wowote, kazi yake ni uzito, ukikishika mkononi ujione umenunua mali. Vigunduzi vingi vya kweli utakuta vina antena ya chuma yenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta ndogo, kwa sababu mawimbi ya bendi ya K yana urefu wa milimita 12 tu na yanahitaji kitu cha kuyakusanya. Jicho la kunasia leza nalo huwa ni kilenzi kinachoonekana kwa nje. Changu kilikuwa na plastiki nyekundu tu, nyuma yake patupu.

Nilipodai hela yangu muuzaji akanigeuzia kibao: toleo langu ni la zamani, niongeze kidogo anitumie lile linalovuruga tochi kabisa. Hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Kinachopokea tu na kinachorusha mawimbi ya kuvuruga ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Marekani, ambako kigunduzi ni ruhusa karibu kila jimbo isipokuwa Virginia kwa magari madogo, hicho cha kuvuruga rada kimepigwa marufuku nchi nzima. Ufaransa na Uswisi hawataki hata kile cha kupokea, na wanaweza kukuchukulia. Ujerumani kosa ni kukitumia ukiwa unaendesha. Kwa hiyo anayekuuzia bila kukuuliza unaendesha nchi gani hana habari na wewe. Uliza sheria ya unakopita kabla ya kuuliza bei.

Na hata ukipata kile halisi, usiuziwe ndoto. Leza ni mwali mwembamba. Mita 300 kutoka kwa askari una upana wa karibu mita moja, unagonga gari moja na kulisoma chini ya sekunde. Kidude kikilia, mara nyingi ni wewe umeshasomwa. Askari anayewasha rada ghafla ukiwa umemkaribia, hivyo hivyo. Kamera zinazosoma namba ya gari mahali pawili na kupiga hesabu ya muda uliotumia katikati hazihitaji kurusha mawimbi ya rada, kwa hiyo hakuna cha kunusa. Hizo utazijua kwa GPS yenye orodha ya mahali zilipo, basi. Anayesema chake kinanasa kamera zote kwa antena anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nilipokataa kuongeza hela akanifungia. Tangu hapo ukurasa umebadilisha jina mara mbili, picha ni zile zile, sehemu ya maoni imefungwa. Ukitaka kuutambua, itazame ile video ya usiku polepole, pale dereva anapobadili gia. Taa za kidude zinawaka, sauti inaongea, na waya wake unaning'inia chini ya redio, haujachomekwa popote.