Kitenzi "scatter" katika kamusi ya mtandaoni ya Merriam-Webster: tathmini ya mfasiri

Nchini Uganda, ambako Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, mfasiri na mwalimu wa lugha hushinda na Kiingereza mkono mmoja na Kiswahili mkono wa pili, na kamusi anayoihitaji ni ile inayomwonyesha mahali neno moja linapokomea na jirani yake linapoanzia. Kwa kipimo hicho nimeikagua kamusi ya bure ya mtandaoni ya Merriam-Webster, nikijifunga kwenye kitenzi kimoja tu, "scatter", ambacho wanafunzi wetu hukutana nacho mapema sana na bado hukichanganya na visawe vyake hata wanapofika chuo kikuu.

Kidahizo chenyewe, yaani neno pamoja na maelezo yake katika kamusi, kimepangwa vizuri. Maana hazikurundikwa pamoja, bali zimegawanywa kwa namba: kutenganisha vitu vilivyokuwa pamoja, kuvitupa huku na huko bila mpango, kusia mbegu kwa kuzirusha kila upande, na maana ya kisayansi inayohusu mwanga na mionzi. Imeonyeshwa pia kwamba kitenzi hiki husimama na yambwa (kinachotendwa) au bila yambwa, jambo ambalo Mswahili hulielewa mara moja kwa sababu sisi hulibeba ndani ya kitenzi chenyewe: polisi hutawanya umati, umati hutawanyika. Kiingereza hutumia umbo lilelile kwa yote mawili, na mwanafunzi asiyeambiwa hivyo huongeza "was" pasipohitajika.

Thamani kubwa ya kamusi hii, na sababu ya mimi kuipendekeza, ni aya fupi ya visawe iliyowekwa chini ya maana hizo. Kamusi nyingi za bei nafuu humpa msomaji orodha tupu, kana kwamba maneno yote yaliyomo yanaweza kubadilishana viti. Hapa vitenzi vinne vimewekwa ana kwa ana. "Scatter" ni kutawanya kwa nguvu na bila utaratibu, kila kipande kikaenda kwake, kama kuku wanavyotimka boda boda inapokatiza uani. "Disperse" ni kuachana kwa upana zaidi, kundi zima likavunjika hata lisiwepo tena kama kundi. Ndicho kitenzi cha taarifa za polisi na cha watu wanaorudi makwao mkutano ukishafungwa. "Dissipate" husisitiza kuyeyuka na kutoweka kabisa, kama ukungu wa Kabale jua linapopanda. "Dispel" ni kufukuza au kuondolea mbali. Katika Kiswahili, viwili vya kwanza tunaweza kuvibebesha kitenzi kimoja cha kutawanya, au cha pili tukakipa kusambaratisha, lakini viwili vya mwisho vinatulazimisha kuhama kabisa: ukungu hutoweka, na hofu huondolewa.

Kuhusu "dissipate" kuna jambo linalomfurahisha Mswahili. Kidahizo chake kina pia maana ya kutumia mali ovyo hadi ikaisha, na sisi tunalo tayari neno lenye sura hizo mbili, kutapanya, linalosemwa kwa vitu vilivyotupwa huku na huko na kwa urithi ulioliwa na mwana mpotevu. Mfasiri anayekutana na sentensi ya namna hiyo hana sababu ya kuhangaika.

Hata hivyo, aya hiyo ina pengo ambalo kwa msomaji wa Kiingereza cha kujifunza si dogo. Inasema kwamba "dispel" ni kufukuza, lakini haisemi wazi kwamba kinachofukuzwa kwa kawaida ni kitu kisichoshikika: shaka, uvumi, dhana potofu, woga. Mfano uliotolewa unahusu shaka, na mzawa wa lugha huona kanuni ndani ya mfano, ilhali kijana anayejiandaa kwa mtihani hushika ufafanuzi na kuandika kwa ujasiri "the guard dispelled the baboons". Nyani wa shambani hawafukuzwi kwa kitenzi hicho. Sentensi moja ya onyo ingetosha.

Pengo la pili liko kwenye fizikia. Katika mazungumzo ya kawaida "scatter" na "disperse" ni ndugu, lakini darasani "dispersion" ni mwanga mweupe kugawanyika katika rangi zake unapopita kwenye prizimu, na "scattering" ni mwanga kurushwa pande nyingi na chembe ndogo, jambo ambalo mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alilitumia katika karne ya 19 kueleza kwa nini anga ni la buluu. Aya ya visawe hailigusi jambo hili, na kwa kuwa katika Kiswahili neno mtawanyiko hutumika kwa yote mawili, mkanganyiko wetu huwa mara mbili.

Upande wa kilimo umetendewa haki zaidi. Maana ya kusia inamwelekeza msomaji kwa "strew", kitenzi chenye asili moja na "straw", yaani majani makavu, na mtu aliyeona nyasi zilizotandazwa sakafuni katika nyumba za jadi za Buganda hatapata shida kuelewa ukoo huo. Ni vyema ajue pia kwamba "strew" huonekana zaidi katika umbo la kutendwa, "strewn with", sakafu ikiwa imezagaa vitu. Ukihamia kwenye "broadcast" unakuta kwamba kabla ya redio neno hilo lilikuwa la mkulima anayerusha mbegu kwa mkono, vilevile kama ulezi unavyosiwa Teso hadi leo. Nimefurahia kuona kamusi ikihifadhi maana zote mbili bila kuifunika ya zamani.

Matamshi ni ya Kimarekani, kwani kampuni hii ya Springfield, Massachusetts, ni mrithi wa kazi ya Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828. Ukibofya alama ya spika utasikia "t" ya katikati ikilainika karibu na "d", na "r" ya mwisho ikitamkwa, tofauti na Kiingereza cha Uingereza ambacho shule zetu hukifuata. Tahajia nayo ni ileile ya Webster, "color" bila "u", kwa hiyo mwalimu awaonye wanafunzi mapema. Mifano ya magazeti iliyokusanywa kwa mashine ni mingi mno na haina mpangilio, ingawa ndimo utakapoona "scattered showers" ikitumika katika utabiri, zile tunazoziita mvua za hapa na pale.

Kwa mwalimu, mhariri na mfasiri, naipendekeza bila kusita. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aanzie kwenye kamusi ya Britannica ya mtandaoni, ambayo nayo ni ya bure, imeandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza, na huweka sentensi kadhaa za mfano chini ya kila maana.