Kibanda kizuri, kuni za aibu

Nianze na kuni, maana ndizo zilizoniharibia safari. Kibanda chenyewe, nilichokodi hifadhini, nitakifikia.

Hifadhi yenyewe ni ya jimbo, iko kwenye misitu ya Pennsylvania, Marekani, jina naliacha. Ofisini wanauza kifurushi cha kuni dola nane: vipande sita au saba vilivyobanwa na nailoni kama kuku wa supamaketi. Ukikiinua unadhani umebeba jiwe, na hapo hapo ungejua. Kuni kavu ni nyepesi. Ukigonganisha mbili zinalia ko! ko! Hizi zilifanya bu, kama kupiga gunia la mchanga. Kuni kavu huwa na nyufa kwenye vichwa, zinaanzia katikati na kutawanyika kama miale. Hizi vichwa vyake laini, na ndani ya nailoni mvuke umegandia mpaka ukungu umeota. Motoni zinatoa povu kwenye ncha na kuimba tsss. Joto lote linaishia kuchemsha maji yaliyomo, unachopata wewe ni moshi.

Nikarudi kaunta na vipande viwili mkononi, kwa adabu zote. Yule mama hata macho hakuinua. Akanionyesha lebo: zimepitishwa kwenye joto, zina cheti. Nikamwambia cheti hicho ni cha wadudu, si cha ukavu. Jibu lake: kama moto unakushinda, mjini wanauza hita za umeme. Kuniambia mimi, mtu wa kwetu, kwamba moto wa kuni umenishinda! Nilikunja risiti nikaondoka, la sivyo ningesema mambo.

Na kwenye hoja nilikuwa sahihi, kwa hiyo naomba tuelewane hapa, maana wengi wanadanganywa na hiyo lebo. Sababu ya kukatazwa kubeba kuni kutoka nyumbani ni ya kweli kabisa. Mwaka 2002 aligunduliwa karibu na Detroit mdudu wa kijani kutoka Asia anayetoboa miti ya ash, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti. Akiruka mwenyewe hafiki mbali, anayemsafirisha ni mtu na kuni zake kwenye buti la gari. Ndiyo maana wanashauri ununue ndani ya maili 10 kutoka unapolala, na ikishindikana kabisa usivuke 50. Kuni za cheti hupashwa joto mpaka kiini cha gogo kifike nyuzi 60 za Selsiasi na kikae hapo kwa dakika 60. Muda huo unatosha kuua funza. Kukausha gogo ni habari nyingine: mti mwingi unahitaji miezi sita hadi mwaka baada ya kupasuliwa, na mwaloni unaweza kudai miaka miwili. Kwa hiyo gogo linaweza kuwa na cheti safi na bado likawa mbichi tepetepe. Kinachochekesha, ash ndiyo kuni tamu kuliko zote, maana hata ikiwa mbichi ina maji kidogo. Ndiyo hiyo hiyo wasiyotaka uisogeze.

Sasa jiko. Kibanda kina jiko la chuma lenye dohani, na hakuna karatasi yoyote ukutani inayoeleza namna ya kuliwasha. Aibu nyingine. Mgeni anawasha, moshi unajaa chumbani, king'ora kinalia usiku wa manane, watoto wanalia nacho. Mara nyingi kosa si la jiko. Dohani iliyolala baridi imejaa hewa nzito inayoshuka, moto mdogo hauwezi kuisukuma juu. Fungua kilango cha dohani mpaka mwisho (mkono wake ukilala sambamba na bomba, kiko wazi), fungua tundu la hewa la mlangoni, halafu inua dirisha la karibu upana wa vidole viwili. Sokota karatasi mbili za gazeti, ziwashe na uzishike ndani ya jiko, juu kabisa, pale bomba linapoanzia. Ukisikia mvumo, moshi umeshika njia yake. Weka magogo mawili manene chini, membamba juu yake, vibanzi juu kabisa, na uwashe kutoka juu. Usije ukafunga kilango eti ili joto lisitoroke wakati makaa bado ni mekundu. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu, na usingizi wake hauna asubuhi. Jivu litie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, liweke nje mbali na ukuta wa mbao, kwa sababu kaa linaweza kuishi humo siku kadhaa.

Lakini kusema kweli, kibanda chenyewe... Hapa hasira inanipungua kidogo. Ni cha magogo mazima, kazi ya vijana wa kikosi cha uhifadhi cha enzi za Rais Roosevelt, kilichofanya kazi kati ya 1933 na 1942. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 zikitumwa nyumbani kwao. Nimepitisha kidole kwenye maungio ya pembeni, pale gogo linapokaa juu ya gogo: wembe haupiti. Miaka zaidi ya themanini na upepo hauingii! Mtu aliyechonga vile angeona kuni za ile kaunta angelia. Vibanda vya kikosi hicho viko pia Cook Forest, kwenye misonobari na hemloki za zaidi ya miaka 300. Ukipata nafasi kule, chukua bila kuuliza.

Kupata nafasi ndiko kwenye kazi. Pennsylvania wanafungua miezi 11 kabla ya tarehe ya kufika, na wikendi za Oktoba, majani yanapogeuka rangi, zinaondoka mapema mno. Ukikosa, angalia siku za katikati ya wiki, au rudi kuchungulia mara kwa mara, watu huahirisha. Kuingia hifadhini ni bure, hilo nawasifu. Soma vizuri aina ya nyumba: "kibanda cha kiasili" (rustic cabin) maana yake kuna jokofu na jiko la kupikia, lakini choo na bafu ni kutoka nje na tochi. Shuka, mito, taulo, sufuria, vyote unakuja navyo. Kabla mizigo haijaingia, inua godoro uangalie mishono ya pembeni. Vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ni alama ya kunguni, rudi ofisini hapo hapo. Kupe nao hawajalala, wale waliokomaa wanaoeneza ugonjwa wa Lyme wanatembea sana msimu huo wa majani kupukutika. Soksi juu ya suruali, na usiku kagua nyuma ya magoti na kwenye nywele za watoto. Chakula kisilale barazani, dubu weusi wapo na pua zao zinafanya kazi.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Nimefuta, nikaweka tatu, nikamkumbuka yule mama nikarudisha mbili. Sasa naona nyota mbili ni kuwaonea wale vijana wa 1930 na ushee, wao walimaliza kazi yao. Basi nne kwa kibanda, sifuri kwa kaunta, gawanyeni wenyewe.

Mimi nafasi ya mwakani nimeshaichukua, na kuni najua pa kununua. Mwendo wa kama dakika kumi kutoka lango la hifadhi kuna shamba, wameweka kibanda cha kuni kando ya barabara, zimepangwa chini ya bati, nyufa mpaka katikati, rundo la dola tano ni karibu mara mbili ya lile la ofisini. Mwenyewe hayupo, kuna kisanduku cha kutumbukiza hela. Beba noti ndogo ndogo, chenji hakitoi.