Boksi la kwanza la umeme kwa mtoto: nunua lipi?

Malalamiko ya wazazi wanaoniandikia yanafanana: wamemnunulia mtoto boksi la kuunda saketi, yaani njia ya umeme kutoka betri hadi taa na kurudi, taa ikawaka, ikazimika, na sasa boksi liko uvunguni, mtoto hataki hata kulisikia. Wengi wanadhani hana kipaji. Kipaji anacho. Kilichomvunja moyo ni waya usiobana.

Ndani ya ile bodi nyeupe ya matundu, inayokuja na maboksi mengi ili mtoto achomeke waya humo, kuna vibati vidogo vinavyoushika waya. Kwenye bodi duni vimelegea. Mtoto amefuata mchoro, amegeuza betri, amehesabu matundu upya, taa haiwaki. Ukiugusa waya inawaka, ukiuachia inazima. Fundi atajua tatizo liko wapi. Mtoto wa miaka minane atajua tu kwamba ameshindwa. Ndiyo maana sihangaiki na idadi ya vipande wala majaribio yaliyoandikwa juu ya boksi, naangalia viungio.

Ya kwanza kwangu, tena kwa mbali, ni Snap Circuits Jr. SC-100 ya Elenco, kampuni ya Marekani. Vipande hushikana kwa vifungo vya kubonyeza kama vya nguo za watoto wachanga. Ukisikia "ta", kimeshika. Inatumia betri mbili za AA, na ina feni inayoruka juu yenyewe. Hapo ndipo watoto hunogewa.

Ya pili ni redio mbovu ya betri ya kufungua na kuchokonoa, bisibisi na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Richard Feynman, aliyepata Nobel ya Fizikia mwaka 1965, alikuwa akitengeneza redio za watu tangu utotoni. Lakini iwe ya betri tu, jamani. Vifaa vya kuchomeka ukutani, hasa zile televisheni za zamani zenye kisogo, hubaki na chaji hatari hata vikishachomolewa.

Arduino, bodi ndogo inayopewa maagizo kwa kompyuta, ni nzuri, ila isubiri mtoto afikishe miaka kumi hivi na apate kompyuta, na bodi ya matundu mnunulie kando, iliyo imara. Viboksi vya bei chee visivyo na jina, achana navyo.

Wanaonikera zaidi ni wauzaji. Ukiomba kujaribu unaambiwa "ukifungua umenunua", na wakisikia ni zawadi ya mtoto, bei inapanda palepale. Mlipe anayekubali uchomeke waya mmoja mbele yake, ugeuze bodi juu chini na kuitikisa. Waya ukidondoka, mwachie bodi yake.